Mistari ya Ildefons Isitolewe Kwenye Mashine

Ma Klaudia wa Rugaibula,
Kijiji cha Ijumbi,
Wilaya ya Muleba.
6 Desemba 1976

Kwa Ndugu Omary,
Mkuu wa Chumba cha Kompyuta,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkuu,

YAH: MISTARI YA MJUKUU WANGU ILDEFONS

Pokea salamu za mwanamke ambaye hujamwona na ambaye amekukasirikia, lakini si sana.

Mimi ni bibi yake Ildefons, yule kijana mrefu mwenye mwanya, anayekaa meza ya pili kutoka dirishani. Shule sikukanyaga hata siku moja. Kuandika nimejifunza miaka hii mitatu katika darasa la watu wazima, kwenye ghala la kahawa, na mwalimu wetu anasema barua ya ofisi iwe na kichwa, namba na adabu. Kichwa umekiona. Namba zinakuja. Adabu nitajitahidi.

Barua hii utaletewa mkononi na Zuena, nesi wa zahanati yetu, ambaye anakuja huko kwa mafunzo. Pamoja nayo atakupa kopo la senene, lile kopo kubwa la maziwa ya unga, limejaa hadi kwenye mfuniko. Nimewaokota mwenyewe asubuhi majani yakiwa na umande, nimewanyonyoa mbawa na miguu, nimewakaanga kwa chumvi na kitunguu. Kwenu sijui, lakini kwetu Wahaya mwanamke huokota senene, huwanyonyoa, huwakaanga, kisha anawaweka mbele ya mwanamume na kukaa pembeni. Yeye hali. Nimewakaanga miaka hamsini na sita na ulimi wangu haujui ladha yao. Nakuambia haya ujue uzito wa zawadi, si kwamba nalalamika.

Kulalamika naanza sasa.

Ildefons alikuja likizo mwezi wa nane akiwa amekonda. Nikamwuliza ni malaria au ni mwanamke. Akasema ni kompyuta. Basi tulikaa siku nzima tunamenya ndizi naye ananieleza, na mimi sikumwacha mpaka nilipoelewa. Kama nimekosea mahali, unisahihishe.

Mashine yenu haijui lugha ya watu, kwa hiyo mmeweka ndani yake mkalimani. Si mtu, ni maandishi, lakini kazi yake ni ile ile aliyokuwa akiifanya marehemu mume wangu Rugaibula, aliyekuwa katekista, kwa yule padre wa kwanza asiyejua Kihaya: anasikia sentensi moja, anaigeuza, inatendwa, anasikia nyingine. Na ndani ya mkalimani huyo mna watumishi wadogo wengi. Huyu anatumwa kuleta jina, huyu kuleta namba, huyu kujumlisha. Mtumishi akirudi na kitu, vizuri. Akishindwa, anarudi mkono mtupu, lakini anatakiwa aweke sababu yake kwenye kisanduku kilichoko mlangoni.

Taabu ilikuwa hapa. Wako watumishi waliorudi mkono mtupu, na kisandukuni hamna kitu. Wako wengine waliorudi na mzigo, na huku wameacha sababu ya kushindwa! Mkalimani alipowaona hao hakuuliza. Aliandika sifuri, akaendelea na safari. Ndipo Ildefons akaweka mstari mlangoni pa kila mtumishi. Mstari unasema: hapa nina hakika kwamba mkono mtupu una sababu, na mkono uliojaa hauna sababu, kama si hivyo, mashine isimame papo hapo, imtaje mtumishi kwa jina na mahali alipokosea.

Siku ya kwanza mashine ikasimama mara kumi na moja. Wewe ukaja ukasema Ildefons ameharibu mali ya umma. Ukampa barua kwamba hadi tarehe thelathini na moja mwezi huu awe ameitoa mistari yote, la sivyo ataondolewa kwenye mashine apelekwe stoo kupanga maboksi ya kadi za mashine. Ameinakili barua yako akanitumia kwa posta. Nimeisoma kwa kidole, neno kwa neno. Imenichukua asubuhi nzima na sikuipenda.

Lakini kabla ya namba ujue jambo moja. Mstari ule si wa Ildefons. Ni wangu. Mama yake alifariki mtoto ana miaka minne, nikamlea mimi. Nilipomtuma kisimani alikuwa akirudi bila maji, anakaa jikoni, kimya, ananitazama kama mimi ndiye nimemkosea. Siku ya tatu nikamwambia: katika nyumba hii ukitumwa unarudi na kitu au unarudi na sababu. Usirudi bila vyote viwili. Na usiniletee vyote viwili, maana hapo ndipo nitajua umevunja mtungi. Alikuwa na miaka sita, akashika. Leo kaiweka sheria yangu ndani ya mashine ya Serikali, nawe unataka kumpeleka stoo kwa ajili yake. Ukimpeleka yeye, umenipeleka na mimi, na mimi nina kibanja cha kupalilia.

Malalamiko ni haya.

1. Unamlaumu aliyepiga kelele. Mashine haikuharibika mara kumi na moja siku ile, mwanangu. Ilikuwa imeharibika tangu zamani, ila ilikuwa na tabia mbaya ya kunyamaza. Huyu Zuena aliponipima pale zahanati akasema nina presha, sikusema Zuena ameniletea presha. Nilitaka kusema, lakini sikusema.

2. Hujui madhara ya mkono mtupu usio na sababu. Mimi nayajua, maana nimeyala. Mwaka jana kijiji kilimtuma Clavery, karani wa duka letu la ushirika, aende Muleba kuleta magunia mawili ya chumvi. Akapanda basi asubuhi. Akarudi kesho yake jioni mkono mtupu, akatusalimia vizuri, mmoja mmoja, akaingia kwake akafunga mlango. Na sisi hatukumwuliza, maana mtu akitoka safari anapewa pole, haulizwi kama mwizi.

Sasa tazama. Mimi nikajazia mwenyewe kwamba chumvi inafuata kwa lori. Nikamwambia jirani yangu Ephrasia: chumvi inafuata kwa lori. Ephrasia, kwa kuwa lori liko njiani, akatoa chumvi yake yote kwenye arusi ya binti wa Projestus. Projestus akaona kumbe chumvi ni ya kuchezea, akachinja ng'ombe wa pili ili nyama nyingine ikaushwe. Wiki ya tatu kijiji kizima kinakula ndizi zisizo na chumvi, nyama ya Projestus inanuka hadi barabarani, na anayelaumiwa ni nani? Ephrasia! Eti ametapanya chumvi kwa kujionyesha. Mama wa watu akalia. Akawa anakwenda kisimani jua la utosini ili asikutane na wenzake.

Nikaifuata ile habari nyuma, mtu kwa mtu, siku mbili, mpaka nikafika kwenye mlango wa Clavery. Nikambana. Kumbe alisinzia ndani ya basi, akapitiliza Muleba, akaamkia Biharamulo, akaona aibu. Basi! Ni hilo tu. Angesema siku ile ile aliposhuka, tungemcheka mpaka jioni na kesho yake angekwenda tena macho wazi. Ndugu Mkuu, wewe una mashine yenye akina Clavery mia tatu, nawe unamfukuza mtu pekee aliyekaa mlangoni kuwauliza.

3. Mkono uliojaa wenye sababu ni mbaya kuliko huo. Projestus huyo huyo, kwa kuwa sisi hatuchoki, alitumwa Kibeta, kule Bukoba, kuleta jogoo wa kisasa aliyeahidiwa na bwana mifugo. Akarudi na kuku mkubwa mweupe kwapani na maelezo kichwani. Hajawika kwa sababu ya kelele za basi. Kilemba chake ni kidogo kwa sababu ya baridi ya ziwani. Anatembea vile kwa sababu ni mgeni. Mwenyekiti wetu Privatus akampokea kwa hotuba, akasema hii ni hatua. Majogoo wetu wa kienyeji tukawala, maana wa kazi gani tena? Sisi akina mama tulitazamana, lakini hakuna aliyesema simama. Mwezi wa pili wakaja wageni wa wilaya kumtazama jogoo, na jogoo akataga yai mbele yao.

Mtu aliyeleta kitu sahihi haleti maelezo. Ukiona vyote viwili, kimoja ni uongo, na mara nyingi ni kile cha kwapani.

(Usijali doa hapo juu. Ni mafuta. Kopo la senene nimeliweka karibu na mkono wangu ili lisije likapotea. Leo ni siku ya pili naandika, vidole vinauma.)

4. Hili ndilo lililonifanya ninunue kalamu mpya. Unasema katika barua yako kwamba mistari hiyo inaweza kukubalika "wakati wa majaribio", lakini kazi yenyewe ikianza itolewe ili mashine iende mbio. Nimeisoma sentensi hiyo mara nne nikidhani kidole changu kimeruka neno. Kwa hiyo wakati ambapo kosa halimdhuru mtu, mnaweka mlinzi. Siku ambayo majina ya watu wa kweli yanaingia mle ndani, mlinzi anaambiwa asante, nenda nyumbani. Mwalimu wa kwaya yetu, Ma Bhagwati Clotilda, ambaye baba yake wa ubatizo alimpa jina la mke wa rafiki yake Mhindi na hatujamsamehe, hutusimamisha kwenye mazoezi kila tunapokosea. Siku ya Krismasi hatumfungii nje ya kanisa.

Na kuhusu mbio: nilimwuliza Ildefons mstari mmoja unachukua muda gani. Akasema huwezi hata kupepesa jicho. Nyama ya Projestus ilichukua wiki tatu.

5. Hili ni fupi. Clavery alinyamaza kwa sababu ya aibu, na aibu ni ya binadamu, naweza kumsamehe. Mashine haina mama mkwe. Inamwonea aibu nani?

6. Umesema kwamba kijana anayesimamisha kazi kila mara hana moyo wa kujenga taifa. Hapo umeniumiza. Tangu mwezi wa nane nimeuleta mstari wa Ildefons huku kijijini, nami nakuapia kwamba taifa limejengeka kwa haraka. Nimekaa kwenye kigoda mahali njia inapoingilia kijijini, na kila aliyetumwa akirudi namsimamisha. Nilimsimamisha Clavery, akanishukuru. Nilimsimamisha Padre wetu akitoka Bukoba na boksi la mishumaa ya altare, kwa sababu alianza kwa kusema samahani. Samahani ya nini, Padre, na mishumaa ninaiona? Akafungua boksi. Ilikuwa mishumaa midogo ya rangi, ile ya keki za watoto, kwa kuwa dukani kwa Madhuben hakukuwa na mingine. Angeigundua altareni mbele ya watu. Akanibariki, ingawa aliniomba nisikae pale siku za Jumapili.

Nilimsimamisha Mwenyekiti Privatus naye, akishuka mteremko na baiskeli. Hilo lilikuwa gumu kidogo kwa kuwa breki zake nazo zilikuwa mkono mtupu. Alipotoka kwenye migomba nikamwuliza: ulikwenda wilayani kuuliza bomba la maji, umerudi na bomba au umerudi na sababu? Akasema amerudi na matumaini. Nikamwambia, waitu, mheshimiwa wangu, hicho si kitu wala si sababu, sheria haina mlango wa tatu. Anapita njia ya mtoni tangu siku hiyo, na ni mbali sana, na sasa wanawake wanamwona kila asubuhi akipita pale tunapochota maji, naye anaona jinsi panavyoteleza. Naona bomba linakaribia.

Kwa sababu hizo sita, naomba kwa heshima yafuatayo:

(a) Mistari ya Ildefons ibaki yote, majaribio na kazi.

(b) Watumishi wale kumi na mmoja waliotajwa kwa majina warekebishwe. Ildefons anasema ni kazi ya wiki moja ukimwacha akae.

(c) Mstari huo huo uwekwe mlangoni pa kila mjumbe wa nyumba kumi, kila karani wa ushirika na kila dereva wa lori. Kisha uwekwe mikoani. Kisha uwekwe kwenye meli inayotoka Mwanza, maana ile meli hufika imechelewa na huwa haisemi kitu.

(d) Kila ofisi inayoahidi jambo iwe na kisanduku mlangoni, na mwananchi yeyote aruhusiwe kukifungua. Bomba halikuja? Tufungue tusome. Tukikikuta kisanduku kitupu, nchi nzima isimame papo hapo, kila mtu alipo, jembe juu, mpaka mhusika atajwe. Najua mtasema nchi itasimama mara nyingi. Itasimama mara kumi na moja siku ya kwanza. Kisha itakwenda vizuri kuliko nchi yoyote.

(e) Ikiwa bado ni lazima mtu apelekwe stoo, nashauri uende wewe, kwa muda, ukapumzike. Ildefons anasema unakaa ofisini mpaka jioni kabisa, huli mchana, na kikohozi chako hakiponi. Wewe nawe una mama mahali fulani, na hapendi. Stoo kuna hewa.

Usinione mkali. Ningekuwa nakuchukia ningekuandikia mistari miwili. Yule mtoto alikuja kwangu akiwa hasemi. Watu walinong'ona kwamba ni bubu, kwamba huzuni ya mama yake imemfunga mdomo. Sababu ya kwanza aliyowahi kunieleza kwa sauti ilikuwa hii: kisimani kulikuwa na nyoka. Nilicheza, Ndugu Mkuu. Nilicheza peke yangu jikoni, mtungi mtupu mkononi. Sikujali maji. Nilijua kuanzia siku ile kwamba mtu anayeweza kurudi mkono mtupu na kusema kwa nini, huyo atakuwa mtu. Sasa unamwambia amfundishe mkalimani wako kunyamaza. Muda wote uliobaki umfundishe kitu kingine chochote, hilo usimfundishe.

Leo ni siku ya nne na karatasi inaisha. Ephrasia amepita hapa, akalitikisa kopo, akasema mbona limepungua. Nimemwambia senene waliokaangwa vizuri hushuka wenyewe. Zuena anaondoka kesho alfajiri na basi la Bukoba, akapande meli.

Wasalimie wote chumbani humo: anayefagia, anayeleta chai, na yule dada anayetoboa kadi ambaye Ildefons amemtaja mara tano katika barua moja bila kusema kwa nini. Mama yako umsalimie zaidi, mwambie amezaa mtu mkubwa, ale mchana tu. Kutoka huku wanakusalimu Ephrasia, Clavery ambaye yuko macho, Projestus, na Padre. Mwenyekiti Privatus angekusalimu lakini kapita njia ya mtoni.

Ni mimi niliye mlangoni, nikisubiri kitu au sababu,

Ma Klaudia wa Rugaibula
(nimetia sahihi mwenyewe, si dole gumba)

Nyongeza: Kopo atakalokukabidhi Zuena ni tupu. Zuena asilaumiwe, nimempa likiwa tupu na nimemwonyesha ndani kabla ya kufunga. Kuhusu sababu, hakuna. Usiitafute kisandukuni, usimwulize Ephrasia, na kwa jina la Mungu Ildefons asijue, maana atanisimamisha, na mimi ni mtu mzima. Ninachokuomba, mwanangu, ni kwamba kwa kopo hili moja uandike sifuri, uendelee. Ila nawe ukifika huku msimu ujao nitakukaangia wengine, na chumvi nitapunguza kidogo. Kumbe huwa naizidisha.